Darasa la Mwaka 2022 na Sufuria ya Makande

Darasa nililokabidhiwa Januari 2022, Kidato cha Nne mkondo B katika shule moja ya kata huku milimani Lushoto, lilikuwa limekwisha kupitia mengi kabla sijaita jina la kwanza kwenye daftari la mahudhurio. Wanafunzi wake waliingia kidato cha kwanza mwaka 2019, chini ya mpango wa elimu bila ada ulioanza 2016. Walipokuwa kidato cha pili, Machi 2020, shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa corona, na wao hawakurudi darasani hadi tarehe 29 Juni. Kwa mwanafunzi wa mjini mwenye simu na kaka anayesoma chuo, miezi hiyo ilikuwa na namna ya kufidiwa. Kwa wetu ilikuwa msimu wa viazi na karoti, na soko la Soni halikufungwa. Baadhi walinogewa na hela ya karoti wasirudi. Waliorudi walikuja na pengo la Hisabati ambalo kila mwalimu aliyewafundisha baadaye alilikuta palepale lilipoachwa.

Ninaandika habari za mwaka wao wa mwisho kwa sababu nimechoka kuulizwa swali moja tu juu yao, yaani walipata divisheni ya kwanza, daraja la juu kabisa la ufaulu, ngapi. Kama mtu aliyekuwa mwalimu wao wa darasa kuanzia Januari hadi walipoweka kalamu chini, ninaamini kwamba kazi kubwa kuliko zote waliyoifanya mwaka ule ilifanyika jikoni, na kwamba mengine yote, hata yale ya maabara, yalisimama juu ya kazi hiyo.

Tulianza mwaka kwa malalamiko ya madirisha. Mwishoni mwa 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 kati yake yakiwa ya sekondari, kwa fedha za mkopo wenye masharti nafuu kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) uliokusudiwa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na shule yetu ikapata yake. Kidato cha kwanza waliingia Januari kwenye vyumba vinavyonukia rangi. Kidato cha nne walibaki kwenye jengo la zamani, ambalo upande wake wa mashariki haukuwa na kioo hata kimoja. Kiongozi wa darasa alisimama siku za mwanzo za muhula akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, sisi ndio wenye mtihani, lakini wadogo zetu ndio wenye madirisha." Sikuwa na jibu, kwa kuwa jibu lilihitaji fedha. Jumamosi iliyofuata wavulana walikwenda kwa wapasua mbao wa jirani wakaomba mabanzi, yale mapande ya nje ya gogo ambayo aghalabu huishia kuwa kuni, na kufikia jioni nusu ya chini ya madirisha ilikuwa imezibwa. Nusu ya juu iliachwa kwa ajili ya mwanga. Anayeijua Lushoto ya Juni na Julai, ukungu unapoingia darasani kabla ya mwalimu, ataelewa kwa nini mabanzi yanastahili aya nzima.

Shule yetu ni ya kutwa. Wapo wanafunzi wanaopanda na kushuka vilima kwa zaidi ya saa moja kila asubuhi, tumboni wakiwa na chai ya rangi, au bila hata hiyo. Chakula cha mchana kilikuwapo na hakikuwapo: ada iliondolewa, lakini michango ilibaki kuwa jambo la makubaliano ya wazazi wenyewe, hivyo kikao kikienda vizuri sufuria ilibandikwa, na wazazi wakitofautiana iliepuliwa. Nilipopitia mahudhurio ya wiki za kwanza pamoja na mwalimu wa taaluma tuliona kwamba katika vipindi vya baada ya saa saba mchana viti vingi vilikuwa vitupu, na wenye viti hivyo walikuwa karibu walewale kila siku. Hawakuwa wakitoroka kwenda kucheza. Walikuwa wanakwenda nyumbani kutafuta cha kula, na mtu akishakipanda kilima kile saa saba mchana, kumtarajia arudi kusoma Fizikia ni kumwonea.

Kikao cha wazazi cha Februari kilianza kwa mjadala wa kawaida kuhusu masomo ya ziada ya jioni, hadi mama mmoja aliponyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, mtoto asubuhi hajala, mchana hali, jioni unamwambia abaki. Unamfundisha nani?" Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia habari za masomo ya ziada kabla ya habari za chakula. Walikubaliana kwamba kila mzazi atatoa debe moja la mahindi na sado mbili, yaani makopo mawili ya kupimia, za maharage kwa muhula. Asiye na mahindi alete kuni au viazi, na asiye na hata hivyo alete nguvu zake. Baba mmoja ambaye ni fundi mwashi alilijenga upya jiko letu, lililokuwa linakula kuni nyingi na kutoa moshi mwingi kuliko moto, akaligeuza kuwa jiko banifu lenye dohani. Mchango wake ulihesabiwa kuwa umelipwa kwa mwaka mzima, na hakuna aliyepinga.

Wazazi walitoa sharti moja, kwamba hesabu ishikwe na wanafunzi wenyewe. Sababu hawakuisema waziwazi, lakini sote tuliijua: majaribio ya nyuma yalivunjika kwa maneno ya nani kala nini. Ndipo ilipoundwa kamati ya chakula ya kidato cha nne, na mtunza daftari akawa kijana ambaye katika masomo ya sayansi hakuwa akitajwa sana, ila somo la uwekaji hesabu alilipenda kwa dhati. Alichora safu zake kwa rula: jina, mahindi, maharage, kuni, kilichotoka, kilichobaki, zamu ya nani. Wiki chache baadaye daftari likaanza kumsumbua. Kwa mujibu wa daftari maharage yalikuwapo, na kwa mujibu wa gunia yalikuwa yanakaribia kwisha. Minong'ono ilianza kumzunguka mama mpishi, kama ilivyo ada. Kijana hakumshutumu mtu. Alichukua sado iliyotumika kupokelea maharage kwa wazazi na ile iliyotumika kuyatoa kwenda jikoni, akazijaza maji mbele ya wenzake, kisha akamimina ya moja ndani ya nyingine. Sado ya kupokelea ilikuwa imebonyea kitako. Kila mzazi aliyeandikwa sado mbili alikuwa ameleta pungufu bila yeye mwenyewe kujua, na hakuna aliyekuwa ameiba hata punje. Mama mpishi alitakaswa kwa maji, mbovu ikatupwa, na safu ya kilichobaki ikasahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Makande ya shule hayana siri kubwa. Mahindi yaliyokobolewa hulowekwa tangu jioni, maharage huinjikwa alfajiri, viwili hivyo huchemka pamoja hadi viive, halafu huku kwetu huongezwa viazi, karoti na kitunguu, na msimu wa parachichi ukifika kila mtu huja na lake mfukoni. Walinzi wa moto walikuwa wanafunzi wanaoishi karibu na shule, kwa zamu, na mwenye zamu aliruhusiwa kuchelewa mstarini. Kufikia Machi viti vya mchana vilikuwa na watu wake. Sikuwa nimebadilisha ratiba wala mbinu ya kufundisha.

Ramadhani iliangukia Aprili, katikati ya masika, na wengi wa darasa lile ni Waislamu. Kamati ilikaa bila mimi, ikaamua kwamba sehemu ya wanaofunga isipikwe wala isigawiwe kwa wengine, bali iandikwe kuwa akiba ya darasa. Waliokuwa hawafungi walikula nyuma ya stoo, mbali na macho ya wenzao, bila kuagizwa na mwalimu. Akiba ile ya Aprili ndiyo iliyotulisha wiki za mwanzo za kambi ya masomo ya Julai, wakati bei ya mahindi ilipokuwa imepanda na baadhi ya wazazi wakaanza kuchelewesha madebe. Miti nayo tulipanda tarehe 1 Aprili, kama kila shule, mingine imeshika.

Juu ya michezo nitasema kidogo, ingawa wenyewe wangependa niseme mengi. Wasichana wawili wa darasa letu walichaguliwa kwenye timu ya soka ya wilaya kwa ajili ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wakashuka Mombo, Korogwe, Segera na Muheza hadi Tanga mjini, ambako waliiona bahari kwa mara ya kwanza. Timu ya mkoa iliyokwenda Tabora kwenye mashindano ya taifa haikuwachukua. Walirudi wakiwa na mikwaruzo magotini na dai moja, kwamba uwanja wa shule usiwe wa wavulana peke yao siku tano za wiki, na baada ya mabishano marefu mkuu wa shule aliwapa Jumanne na Alhamisi. Oktoba ilipofika, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikuwa India kwenye Kombe la Dunia. Siku ilipocheza na Ufaransa ikashinda 2 kwa 1, darasa zima lilikuwa limebanana mbele ya televisheni moja, wavulana wakiwa nyuma. Mtihani ulikuwa umebakiza mwezi mmoja, na mwalimu wa taaluma alinitazama kwa jicho la pembeni wiki nzima kwa sababu nilitoa ruhusa. Walifika robo fainali, wakatolewa na Colombia 3 kwa 0. Mabao matatu yale yaliwaliza wasichana wangu kuliko matokeo ya mtihani wowote niliowahi kuwasomea.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye umri wake uliwapita wenzake kidogo. Aliacha shule alipopata ujauzito, wakati utaratibu ulikuwa haumruhusu kuendelea, na akarudi baada ya Serikali kutangaza Novemba 2021 kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu hiyo wanaweza kurejea katika mfumo rasmi. Nilikuwa na hofu juu ya maneno ya darasani, na maneno yalikuwapo kwa muda. Saa ya chakula bibi yake alikuwa akimleta mtoto hadi kwenye uzio, naye huenda kumnyonyesha kisha akarudi. Kikundi chake cha kujisomea kilisogeza muda wa kuanza ili asiachwe nyuma, na nilikuja kujua hilo baada ya miezi, nilipouliza kwa nini kikundi kimoja huanza baada ya vingine. Kamati ilitaka kumsamehe mchango. Alikataa, akasema yeye amekwisha kupikia watu kwenye misiba na harusi, wampe kazi. Akapewa ugawaji, kazi ngumu kuliko zote jikoni, kwa sababu mgawaji ndiye anayelaumiwa sufuria ikiisha kabla ya foleni. Katika usimamizi wake sikumbuki foleni iliyobaki na njaa.

Nije sasa kwenye maabara. Tulikuwa na bureti, mabomba ya kioo yenye vipimo ya kudondoshea kimiminika, chache mno kwa mikondo miwili ya kidato cha nne, na mtihani wa vitendo wa Kemia hauulizi shule ina bureti ngapi. Mwalimu wa Kemia alinunua mabomba ya sindano kwenye duka la dawa, yale ya plastiki yenye vipimo ubavuni, akawafundisha kupima kwa hayo. Badala ya methili oranji ya dukani, rangi ya kuonyesha asidi na besi tuliyoibakiza kwa bureti, walichemsha maua makavu ya rosela, ambayo maji yake huwa mekundu kwenye asidi na hugeuka kuelekea kijani kwenye besi. Mchana walishika bureti kwa zamu, jioni wakarudia hatua zote kwa sindano na rosela. Kosa lao kubwa kwenye bureti lilikuwa haraka. Mtu anafungua koki, anaona rangi ya njano haijaondoka, anaongeza, anaongeza, kisha ghafla maji yote yamekuwa mekundu na jibu limeshapita. Nilisimama mlangoni mchana mmoja nikamtazama msichana mmoja akidondosha tone, akitikisa chupa, akisubiri, akidondosha tone jingine, na wenzake wanne wamemzunguka bila kupumua, hadi rangi ilipofika kwenye chungwa ikatulia hapo. Alisoma kipimo kwa sauti. Walipiga makofi kana kwamba amefunga bao.

Kambi ilianza Julai, kwa makubaliano na wazazi. Wasichana walilala kwenye chumba kimoja chini ya uangalizi wa mwalimu wa malezi, wavulana kwenye darasa lao la mabanzi, kila mmoja na godoro na blanketi zito la nyumbani. Jambo nililojifunza kambini ni jinsi wanavyosoma tusipokuwapo. Mchana mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, kama sera inavyotaka, na darasa linaitikia kwa pamoja. Usiku hoja inabishaniwa kwa Kiswahili, na ubishi ukikolea inaingia Kisambaa, mpaka mmoja apige meza kwamba amelielewa jambo, kisha wote wanahangaika kuliandika kwa Kiingereza kitakachosomwa na msahihishaji. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa na wapo wanaoujua kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba kama ningewakataza Kiswahili cha usiku, Kiingereza cha mchana kisingekuwa na cha kushika.

Jambo jingine la katikati ya mwaka lilitufikia kupitia redio, kambi ikiwa bado haijaanza. Hotuba ya bajeti ya Juni ilieleza kwamba ada ya kidato cha tano na sita nayo inafutwa. Kwa watoto ambao nyumbani walikuwa wameshaambiwa kwamba kidato cha nne ndio mwisho wa safari, habari hiyo ilibadilisha maswali waliyokuwa wakiniuliza. Wiki ile nilifuatwa na wanafunzi ambao hawakuwahi kuniuliza habari za tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano, wakitaka kujua tofauti ya CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) na PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), na kama mtu aliyefeli Hisabati anaweza kusoma HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza). Ni nadra sana kuona sera ikitembea kwa miguu hadi kwenye dawati; wakati huo niliiona.

Kisha ikaja sensa. Walimu wengi tulikuwa makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, ile iliyokuja kuonyesha kwamba Watanzania ni 61,741,120, na kati ya mafunzo na kazi yenyewe ya kuhesabu, kambi ilivunjwa. Nilidhani tutapoteza yote tuliyojenga. Kumbe vikundi viliendelea vitongojini, kwa sababu vilikuwa vimepangwa kwa njia wanazotokea na si kwa alama walizopata, mpango ambao kamati ya chakula ndiyo iliyoubuni ili kurahisisha zamu za kuni. Nilipokuwa nikizunguka na kishikwambi changu cha sensa nilikuta kikundi kimoja barazani kwa mzee mmoja, kwenye ubao wa mlango uliochorwa kwa chaki, wakitafuta eneo la duara. Mzee aliniambia anawahesabu kila jioni na hesabu yake haijawahi kupungua.

Mahafali yalikuwa Oktoba. Msimamo wangu juu ya mahafali yanayofanyika kabla ya mtihani unajulikana shuleni na sitaurudia hapa kwa urefu: ni gharama, na yanamwambia mtoto kwamba amemaliza wakati hajaanza. Darasa hili lilinisaidia kwa kuamua lenyewe kwamba hakutakuwa na keki. Fedha ya keki ilinunua mikebe ya hisabati na karatasi za grafu kwa wasio nazo. Risala ilisomwa, mgeni rasmi aliahidi, wazazi wakawavisha watoto wao mataji ya karatasi zinazong'aa, na Jumatatu asubuhi tukarudi kwenye logarithimu.

Mtihani ulifanyika Novemba, mvua za vuli zikiwa zimechelewa na bomba la shule likitoa hewa. Kidato cha pili na cha tatu walichota maji mtoni kwa ajili ya maabara na jiko, ndoo kwa ndoo, bila malipo isipokuwa sahani ya makande.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari 2023, na safari hiyo Baraza la Mitihani, NECTA, halikutangaza shule 10 bora wala wanafunzi 10 bora kama ilivyozoeleka. Wazazi wengi walikuja ofisini kuuliza tumekuwa wa ngapi, wakaondoka hawajaridhika. Mimi niliufurahia uamuzi huo, maana shule yenye bureti chache na shule yenye maabara ya vioo vitupu hazikimbii mbio moja. Divisheni hutokana na alama za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mwanafunzi: pointi 7 hadi 17 ni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu. Kwetu, za kwanza zilikuwa chache, zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Za pili na za tatu zilikuwa nyingi kuliko nilivyowahi kuona shuleni pale, na Kemia ilipanda kuliko masomo yote. Hisabati iliendelea kuwa Hisabati. Pengo la 2020 halikuzibika lote, na sioni haya kusema kwamba miezi kumi haikutosha. Mgawaji wetu wa makande alipata ya tatu na akachaguliwa kwenda kidato cha tano. Mmoja wa wachezaji wetu alikwenda VETA, chuo cha ufundi stadi, kusomea umeme wa majumbani. Wengine walirudi kwenye karoti, na nikipita Soni wananiamkia kwa sauti inayogeuza soko zima.

Mtunza daftari alikuja Februari, akiwa bado anasubiri kupangiwa chuo, kulikabidhi daftari kwa kidato cha nne kipya. Alikuwa ameandika ukurasa wa maelekezo: namna ya kupima sado kwa maji kabla ya kila muhula, namna ya kuandika kuni kwa mizigo badala ya vipande, na kwamba mwenye zamu ya moto asiwe na zamu ya kufagia siku hiyohiyo. Kikao cha wazazi cha mwezi huohuo kiliupitisha utaratibu wake kwa shule nzima, kuanzia kidato cha kwanza. Ubishi ulikuwa juu ya debe, kwa kuwa bei ya mahindi ilikuwa juu bado. Wakakubaliana kulipunguza na kuongeza viazi. Mama yule wa swali la Februari iliyotangulia aliongeza kipengele kimoja kabla ya kikao kufungwa, kwamba hesabu ya maharage isomwe hadharani kila mwisho wa muhula, na isomwe na mwanafunzi.